Uzi wa kuvua besi kwa chura wa plastiki juu ya magugumaji: wa Marekani na wa Naivasha tukutane hapa

MtuWaSengerema

Wakuu, heshima kwenu.

Tangu niweke ile picha ya besi (bass, samaki mwindaji wa maji baridi wa huku Marekani) mwenye chura mdomoni kwenye uzi wa wana-ughaibuni, PM yangu haipumui. Maswali ni yale yale. Huyo ni chura kweli au plastiki? Anavuliwaje? Na wale walionunua tayari: mbona nimetupa siku nzima nimeambulia majani tu? Nimeona nifungue uzi wake nijibu wote kwa mpigo. Vuta kiti, ni mrefu.

Mimi niko kaskazini mwa Alabama na ziwa langu ni Guntersville. Kwa wasiolijua, ni bwawa kwenye Mto Tennessee. TVA, shirika la serikali linaloendesha mabwawa ya mto huo, lilimaliza ukuta wake mwaka 1939, na leo ndilo ziwa kubwa kuliko yote Alabama, ekari kama 69,000. Sehemu nyingi ni kina kifupi, na chini kumeota hidrila na milifoili, magugu ya kigeni yote mawili. Yanaanza kupanda tangu masika, kufika Agosti yameshagusa juu, yanajilaza na kufungamana mpaka unaona ziwa limetandikwa zulia. Hapo pangaboi ya boti inakabwa, na ndoano ya kawaida kila ukiitupa inarudi na shehena ya majani.

Chini ya zulia hilo ndiko samaki walipo. Kuna kivuli, kuna visamaki vimejificha, na besi mdomo-mkubwa kalala humo anavizia. Yeye si samaki wa kukimbiza mawindo kutwa nzima. Anakaa kimya, macho yanaangalia juu, kinachopita juu ya kichwa chake anakivamia.

Kwa hiyo la kwanza la kuelewa: chura si chambo cha kila mahali. Maji ya wazi yana vyambo vyake na vingi vinamshinda. Chura kazi yake ni pale ambapo ndoano nyingine haiingii. Ukiona mahali mvuvi mwenzio anapakwepa kwa kuogopa kunasa, hapo ndipo pako.

Umbile lake. Ninaozungumzia mimi ni wale wenye tumbo wazi: mwili wa plastiki laini, ndani hewa tupu. Ndoano ni moja yenye ncha mbili, shina lake linapita ndani ya mwili na ncha zimelala mgongoni, kushoto na kulia, zimebana kwenye plastiki. Zikikaa hivyo hazishiki jani. Samaki akimbana, mwili unabonyea na ncha zinabaki wazi kwenye taya. Miguu ni nyuzi za mpira tu. Mwili mara nyingi ni kama milimita 65, uzito gramu 18 hivi, na bei ni dola 8 mpaka 15 kutegemea jina lililoandikwa kwenye pakiti.

Wazo lenyewe ni la zamani. Harry Ehlers wa Cincinnati ndiye aliyeanza kuuza vyambo vya namna hii mwaka 1957, akaviita Snag Proof. Lakini kwa muda mrefu watu wa mashindano walimwona chura ni mchezo wa kujifurahisha, samaki wengi wanamkosa. Mmoja wa waliobadilisha mawazo hayo ni Dean Rojas, yule mwenye rekodi ya mashindano aliyoiweka Ziwa Toho, Florida, Januari 2001: besi 5, paundi 45 na aunsi 2, siku moja. Yeye ndiye aliyebuni chura aitwaye Bronzeye wa kampuni ya SPRO, na chura wake amempa jina kabisa, anamwita Kermit. Mimi natumia Bronzeye na Pad Crasher ya Booyah. Ya pili ni ya bei nafuu na sioni aibu kuisifia.

Sasa vifaa. Hapa ndipo wengi wanapojikwamisha. Fimbo ya kuvulia sato kandokando haifai, ile inapinda yote kama upinde. Unataka fimbo ya futi 7 mpaka 7 na nusu, ngumu, inayopinda sehemu ya juu tu. Rili (kile kifaa cha kuzungushia mshipi) iwe ya ngoma ya kulala, yenye kasi, mzunguko mmoja wa mkono ngoma izunguke mara 7 au 8. Mshipi uwe wa kusukwa, wa kuhimili paundi 50 mpaka 65. Usiniletee nailoni wala florokaboni. Nailoni inavutika, kwa hiyo nguvu ya mkono inaishia njiani kabla haijafika kwenye ndoano. Florokaboni inazama na kumvuta chura pua chini. Wa kusukwa hauvutiki, unaelea, na ukikazwa unakata mashina ya hidrila. Kumbuka hapa huvuti samaki peke yake. Akishapiga mbizi kwenye magugu unamvuta yeye na mzigo wa majani uliomzidi uzito.

Nakuja kwenye shina la uzi huu. Naandika post yake peke yake.

---

MtuWaSengerema

Kupiga ndoano.

Unamtupa chura mbali juu ya zulia, anatua *pwa*. Unamwacha kidogo. Halafu ncha ya fimbo ikiwa chini, mshipi ukiwa umelegea kidogo, unaidonoa fimbo: tik, tik, tik. Chura anapepesuka kulia, kushoto, kulia, bila kusogea sana. Kulegea kwa mshipi ndiyo siri. Ukiukaza, chura anakuja mbele moja kwa moja anaburuzika. Ukiulegeza kati ya kila donoo, anapata nafasi ya kugeuka. Akifika kwenye tundu la maji wazi katikati ya magugu, msimamishe hapo. Mwache atulie mpaka viwimbi viishe. Wengi hupigwa hapo.

Akipigwa, utajua. Maji yanalipuka, majani yanaruka hewani, na kama ni asubuhi ya kimya unasikia mlio hata boti ya jirani. Moyo unataka ung'oe fimbo palepale. USING'OE.

Sababu ni jinsi besi anavyokula. Hang'ati kwanza. Anafungua lile domo kwa ghafla, maji yanavutwa ndani na chochote kilichomo kinaingia nayo. Kwenye maji wazi hiyo inamtosha. Kwenye zulia la magugu anavuta majani pia, na mara nyingine anakuwa amelenga kivuli tu na amekikosa. Mlipuko unaouona si ushahidi kwamba chura yuko mdomoni. Ukivuta kwa kuona, unamnyang'anya, au unamrusha chura hewani akurudie usoni akiwa na ncha mbili.

Fanya hivi. Mlipuko ukitokea, ganda. Angalia chura yuko wapi. Kama bado anaelea, samaki kakosa, endelea kumtikisa palepale. Kama hayupo, shusha ncha ya fimbo kuelekea alipozama, zungusha rili ule ulegevu uishe, na usikilize mkono. Ukisikia uzito, kitu kinatembea, ndipo unapiga kwa mikono miwili kwenda juu, kwa nguvu zote, hakuna adabu hapo. Na ukishapiga usipumzike hata kidogo, zungusha. Kichwa chake kikiwa juu ya majani anateleza kuja kwako. Ukimpa nafasi akageuza kichwa chini, ameshafunga ndoa na magugu, itabidi uendeshe boti mpaka alipo ukamchimbe kwa mikono.

Kuna walimu wanasema hesabu moja, mbili, halafu piga. Sipendi hesabu. Siku nyingine samaki anamlamba na kuondoka naye papo hapo, siku nyingine anamkalia. Uzito mkononi ndio saa yenyewe.

Akikosa, usimvute chura haraka urushe upya. Mwache. Besi mara nyingi yuko palepale chini, kakasirika. Mtikise kidogo bila kumsogeza. Akigoma, kuwa na fimbo ya pili yenye mnyoo wa plastiki usio na uzito mwingi, udondoshe kwenye lile tundu alilolitoboa. Mara nyingi anauchukua ukiwa unashuka.

Naomba kuwasilisha. Maswali ruksa.

---

Kizimkazi_Mtoro

Mkuu, yaani huko samaki anakula plastiki, huku kwetu jodari anachagua ngisi, ngisi wa jana hamtaki 😂

Swali la maana: ukishamvuta unamla? Maana kila nikiwaangalia hao wazungu mtandaoni wanampiga busu wanamrudisha majini. Mwenye njaa hawezi kuelewa kitu kama hicho.

---

MtuWaSengerema

😂😂 Mkuu, nami nilikulia kwenye sato na sangara, nilipoona mara ya kwanza nilidhani jamaa kapatwa na kitu.

Ina historia yake. Ray Scott, mtu wa Montgomery hapa hapa Alabama, alianzisha B.A.S.S. mwaka 1968, chama cha wavuvi wa besi na mashindano. Mwanzoni samaki wa mashindano walikuwa wanakufa wengi. Mwaka 1972 akaanzisha kampeni ya kuwapima wakiwa hai kwenye tangi za boti na kuwarudisha. Desturi ikasambaa kuliko hata kanuni za serikali. Leo ukionekana unampara besi wa kilo nne kwenye gati la Guntersville, watu hawatakuambia kitu, ila watakuangalia.

Kula unaruhusiwa, ilimradi una leseni ya kuvua na umefuata vipimo na idadi ya jimbo lako. Mimi hula wadogo wanaoruhusiwa, nawakaanga. Wakubwa narudisha. Besi mkubwa ni mzee, amekula samaki wenzake miaka mingi, na zebaki hukusanyika kwenye nyama ya samaki wa aina hiyo. Alabama hutoa tahadhari kila mwaka, ziwa kwa ziwa, nani ale samaki gani na kiasi gani. Wenye wajawazito na watoto nyumbani wasome hiyo orodha kabla ya kuwasha jiko.

---

DadaWaCaddo

Kaka, uzi mzuri, lakini mengine nayapinga.

Mimi niko Texas mashariki, navua Caddo, lile ziwa la mpakani na Louisiana lenye miti ya misipresi imesimama majini na manyoya ya kijivu yananing'inia. Kule hatuna mazulia ya hidrila kama yenu, tuna yungiyungi na yale magugu ya salvinia. Kwenye yungiyungi hiyo subira yako inakosesha samaki. Majani yale yana nafasi kati yake, besi anapiga na kumeza safi. Ukimsubiri mpaka usikie uzito mkononi, ameshazungusha mshipi kwenye mashina mawili matatu, na shina la yungiyungi si hidrila, halikatiki kirahisi. Mimi chura akizama tu, nazungusha mara moja napiga. Wewe zungumzia zulia, usiwajumuishe watu wote.

La pili, hujagusa rangi, na ndiyo watu wanaweza kutumia pesa mpaka wafilisike madukani. Tatu zinatosha. Nyeusi, kwa asubuhi mapema, jioni na mawingu mazito, na juu ya zulia nene, kwa sababu samaki anaona umbo tu likikatiza mwanga. Nyeupe au ya krimu, pale besi wanapofukuza samaki weupe. Na ya kijani yenye tumbo la njano au chungwa, mwezi wa tano na wa sita, blugili (visamaki vibapa ambavyo besi huvila) wanapotaga kandokando ya majani. Wakati huo besi hamuoni chura hata kidogo, anaona blugili. Ndiyo maana mimi nacheka watu wakibishana mtandaoni kama vyura wa ziwa fulani wana madoa au hawana. Yeye anatazama tumbo kutoka chini, mgongo ule uliochorwa kwa ustadi ni wa kumpendezea mnunuzi.

Tatu, miguu. Ikitoka dukani ni mirefu mno. Ikate kama theluthi moja, na mmoja uuache mrefu kidogo kuliko mwenzake. Atageuka mwenyewe hata mkono wako ukiwa mzito.

---

MtuWaSengerema

Dada, kwenye yungiyungi nakupa. Zulia na yungiyungi ni kesi mbili, na mimi nimeongea kwa mazoea ya huku. Kwenye tundu la wazi na kwenye majani yaliyoachana, piga mapema. Ila hata hapo sikubali kupiga kwa kuona mlipuko. Chura lazima awe *amezama*.

Rangi nakuunga mkono asilimia mia. Miguu pia, isipokuwa kwenye zulia nene naiacha mirefu, inaacha mkokoto juu ya majani na samaki aliye chini anaufuata.

---

wa_Karagita

Habari zenu wakuu. Naandika kutoka Naivasha na nimefurahia huu uzi sana, kwa sababu watu wengi huku hawajui kwamba huyo besi wenu tunaye.

Aliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, enzi za walowezi waliotaka samaki wa kuvua kwa mchezo. Baadaye, mwaka 1970, wakaleta wale kamba wekundu wa Louisiana wenye magando, na besi wakawapenda sana kuliko chakula kingine. Halafu magugu: salvinia ilifika miaka ya sitini, gugumaji la maua ya zambarau likafika mwishoni mwa miaka ya themanini. Ukiangalia vizuri, samaki wa Marekani, kamba wa Marekani, magugu ya Amerika Kusini. Mandhari ya huyo dada wa Caddo mimi naiona nikitoka nje ya nyumba, tofauti ni mafunjo badala ya hiyo misipresi.

Lakini sasa mambo yamegeuka. Tangu samaki aina ya kapi waingie ziwani, kwenye 2001 hivi, wao ndio wamejaa kwa nyavu za wavuvi. Kapi anafukua tope chini akitafuta chakula, na mito ikifurika nayo inaleta udongo. Maji yakichafuka besi anaumia kwa sababu yeye anawinda kwa macho. Wapo bado, wazee wa boti watakuonyesha, lakini si kama walivyokuwa wanasimulia.

Swali langu: nina boti ndogo na nimeona huyo chura anauzwa mtandaoni. Kando ya mafunjo, kule gugumaji limejifunga, mnaonaje? Atafanya kazi kweli ama nitafurahisha viboko tu?

---

MtuWaSengerema

Mkuu wa Karagita, asante sana. Post kama hii ndiyo iliyonifanya nifungue uzi.

Atafanya kazi, kwa sababu besi ni yule yule na tabia yake ni ile ile. Ila nakupa angalizo mawili matatu kwa nilivyosoma maelezo yako.

Gugumaji ni kubwa, lina majani yaliyosimama. Chura juu yake anakwama na kudandia, hapepesuki. Usimtupe katikati. Mtupe kwenye mdomo wake, pale linapoishia na maji yanapoanza, au kwenye mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha gugumaji na ukuta wa mafunjo. Upepo ukishatenganisha visiwa hivyo, ile mifereji inayobaki ni mahali pa kuanzia.

Maji ya tope: chura mweusi, na mtie kokoto ndani. Kwenye tumbo kuna upenyo shina la ndoano linapopita. Ingiza gololi ndogo za chuma au kidonge cha kelele kile kinachouzwa kwa vyambo, awe analia *cheke cheke* akitikiswa. Besi asiyeona husikia, na anahisi mtikisiko kwa ule mstari wa ubavuni. Wapo pia vyura wenye mdomo uliochimbwa, wanamwaga maji *blup* kila ukiwadonoa. Kwa Naivasha ningeanza na hao.

Na mkumbuke yule kamba wa Louisiana. Kama besi wenu wanashiba kamba chini, asubuhi nyingine hawatapanda juu hata ulie. Beba na chambo cha kukokota chini, chenye rangi ya damu ya mzee.

Kuhusu viboko sina utani. Mifereji hiyo hiyo ninayoisifia ndiyo njia zao. Huku kwetu kitu kibaya zaidi juu ya majani ni nyoka, na Florida ni mamba wao anayemfuata chura. Kiboko anapindua boti. Nenda na mtu wa boti anayejua wanalala wapi, na usiingie mahali pasipo na njia ya kutokea.

---

wa_Karagita

Nimekuelewa. Hapo kwa viboko hata sisi tumezika watu, hakuna mtu wa Naivasha atakubishia. Nitatafuta mtu wa boti, nione na mambo ya leseni ofisi ya uvuvi kwanza, halafu nilete majibu.

---

Boyoma_KY

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mtoto wa Kisangani, sasa niko Kentucky.

Kusoma namna samaki anapasua majani kumenikumbusha mongusu, samaki wa kwetu. Anakaa kwenye maji yaliyolala, yenye majani, anapumua hewa ya juu kabisa, na akiona kitu kinapita anakimeza. Nimeona video za watu wa Thailand na Japani wanavua ndugu zake kwa huyu huyu chura.

Mimi sina boti. Kazini kwetu kuna bwawa la mifugo la mzee mmoja, ameniruhusu kuvua. Kandokando kuna majani na juu kuna kijani kimetanda chote. Fimbo za dola mia mbili siziwezi. Nifanye nini?

---

MtuWaSengerema

Ndugu yangu wa Boyoma, wewe ndiye mwenye bahati kuliko sote hapa. Bwawa la mifugo lenye kijani juu, ambalo halivuliwi na kila mtu, ni shule bora ya chura. Na ni kweli kuhusu ndugu wa mongusu: hata Maryland, ambako wa Asia walionekana 2002 na baadaye wakaingia mito na kuwa kero, watu huwavua kwa chura.

Bajeti: tafuta seti ya fimbo na rili iliyouzwa pamoja, nzito, futi 7. Zipo za dola 60 mpaka 80, na zilizotumika ni chini ya hapo. Kama rili ya ngoma ya kulala inakusumbua, mshipi unajifunga kila ukirusha, tumia rili ya kawaida ya kuning'inia lakini iwe kubwa, na mshipi wa kusukwa paundi 40. Kwa bwawa inatosha. Pesa uliyobakiza nunua vyura wawili, mweusi na mweupe. Basi.

Kutoka ukingoni, usianze kwa kurusha katikati ya bwawa. Simama mbali na maji, mita tatu nne nyuma. Besi wa bwawa wanakaa miguuni pako, na ukikanyaga kwa kishindo wameondoka. Rusha sambamba na ukingo, mpitishe chura kandokando ya majani yote. Mruhusu hata aanzie nchi kavu: mtupe kwenye nyasi za ng'ambo halafu mvute adumbukie majini. Vyura ndivyo wanavyoingia majini, na hapo anapigwa kabla hata hujamdonoa mara ya pili.

---

Boyoma_KY

Hii ya kuanzia nchi kavu nitaijaribu jumamosi 🙏🏿 Na nisikilize nini? Mahali penye samaki pana dalili gani?

---

MtuWaSengerema

Sikuandika bado, umenikumbusha. Kwenye zulia la magugu, zima mota, kaa kimya, sikiliza. Utasikia *tk… tk-tk… tk*, sauti ndogo ndogo zinazotoka chini ya majani, zinafanana na bisi zinazopasuka kwenye sufuria iliyofunikwa. Hao ni blugili wanadonoa wadudu kwenye tumbo la zulia. Mahali palipo kimya kabisa, hata pawe pazuri kwa macho, mimi napita. Mahali panapodonolewa nakaa hata saa nzima, kwa sababu besi hawaachi blugili peke yao.

Dalili ya pili ni matundu. Zulia lenye vitundu vya mviringo ambavyo havikuchimbwa na pangaboi ya boti, basi kuna wakubwa wamekuwa wakilipukia hapo. Ya tatu ni mchanganyiko: hidrila inapokutana na milifoili, au zulia linapokatizwa na mfereji wa zamani wa mto uliozama. Guntersville, septemba na oktoba, nafuata hiyo mifereji kwenye ramani ya kina na sihangaiki na uwanja mzima.

---

DadaWaCaddo

Niongezee matunzo, kaka kasahau. Chura huingia maji kila samaki akimbana. Mbinye tumbo kila baada ya kurusha mara kadhaa, maji yatoke, vinginevyo anazama matako. Akitoboka, tone la gundi ya supa linamfufua. Ncha za ndoano zifungue nje kidogo sana kwa koleo, upana wa unyuzi tu, ukizidisha zinaanza kushika majani. Na usimweke kisanduku kimoja na minyoo ya plastiki, wanayeyushana mpaka unapata uji wa rangi.

Halafu wale vyura wasio na hewa, wa plastiki nzima wanaopiga miguu, kina Horny Toad na Ribbit, nao ni chura. Majani yakiwa machache na samaki wanakimbiza, mimi natumia hao, narudisha rili tu mfululizo bila kudonoa. Ukisimama wanazama, hiyo ndiyo tofauti.

---

Kizimkazi_Mtoro

Nimesoma mpaka mwisho na wala sina ziwa karibu 😂 Swali la mwisho mkuu: rekodi ya huyo samaki ni kilo ngapi? Na huko mnakokaa kukiwa baridi chura anaendelea?

---

MtuWaSengerema

Rekodi wanaichangia wawili. George Perry, Georgia, 2 Juni 1932, paundi 22 na aunsi 4, kilo 10 na kidogo. Ilikaa peke yake miaka 77. Halafu 2 Julai 2009 Manabu Kurita akavua mwingine Ziwa Biwa, Japani, akamzidi kwa chini ya aunsi moja. Kwa kuwa hakumzidi kwa kiasi kinachotakiwa, kanuni zikawaweka sare. Na kichekesho ni kwamba Japani besi ni samaki mvamizi, pale Biwa ukimvua hutakiwi kumrudisha.

Baridi: maji yakishuka chini ya nyuzi joto 15 za Selsiasi hivi, chura anaanza kulala. Oktoba yote bado yupo kazini, na wakubwa wengi huku hupatikana mwezi huo, zulia likianza kugeuka kahawia na kuoza. Baridi kali ya kwanza ikipita mara mbili tatu magugu yanavunjika, upepo unayasomba, na mimi nahamia vyambo vya chini mpaka machi. Masika yakirudi na maji yakapata joto, besi wakishamaliza kutaga, naanza tena na chura mweupe kwenye vidimbwi vya pembeni, kwa sababu wakati huo madume yanalinda watoto na yanafukuza chochote kinachopita juu.

wa_Karagita, ukirudi ziwani weka picha, hata kama umepata kapi.